Wokitoki za bei chee: boksi linasema kilomita 50, ukweli ni upi?

mlingoti_mrefu

Wakuu salaam. Kila anayetaka kununua hizi redio za mkononi anauliza swali moja tu, inafika kilomita ngapi, na muuzaji anamjibu kwa kumsomea boksi. Boksi moja limeandikwa kilomita 10, lingine 30, zile za familia zinazouzwa Marekani zimeandikwa hadi maili 35 yaani kilomita 56 hivi. Mtu anabeba pea yake, anampa mwenzake moja, jamaa anavuka majengo matatu manne kinachosikika ni shhhhh, basi anasema kauziwa feki. Mara nyingi wala siyo feki.

Redio haina kilomita ndani yake. Ina wati, ina masafa inayotumia, ina antena, na ina sikio lake zuri au bovu. Kilomita zinatokana na vilivyopo kati yako na mwenzako na mmesimama juu kiasi gani. Ile maili 35 siyo uongo mtupu maana wameweka neno "hadi", wanamaanisha mmoja kileleni mwa mlima mwingine bondeni, au mko kwenye maji matupu, hamna mti hamna ukuta. Nani anaishi hivyo?

Tuanze na upeo, yaani pale mviringo wa dunia unapoanza kukukinga na mwenzako, maana hapa ndo kila kitu kinaamuliwa. Mawimbi ya VHF na UHF (bendi mbili za masafa, VHF ni kama 150 MHz, UHF kama 450 MHz) yanayotumiwa na viredio hivi yanakwenda karibu na mstari ulionyooka, hayapindi kufuata mviringo wa dunia wala hayarudishwi chini na anga la juu kama yale ya masafa mafupi ambayo unasikia stesheni ya bara lingine usiku. Yanajipinda kidogo tu kwa sababu ya hewa. Kuna hesabu nyepesi, chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, hizo ni kilomita hadi kwenye upeo wa redio. Umeshika redio usawa wa mdomo, tuseme mita 1.5, upeo wako ni kilomita 5. Mwenzako naye ana 5 zake. Mkijumlisha ni 10, na hapo nazungumzia tambarare kabisa kama uso wa bahari. Sasa panda kilima cha mita 100, upeo wako wewe peke yako unakuwa kilomita 41. Redio ile ile, betri ile ile, hujaongeza hata nusu wati.

Na hizo 10 ndo mwisho wake siyo kwamba utazipata. Watu wanadhani nikimuona fulani kwa macho basi mawimbi yatafika, lakini wimbi haliendi kama uzi mwembamba, linataka nafasi wazi kuzunguka ule mstari. Kwa njia ya kilomita 5 kwenye 450 MHz, pale katikati linataka kama mita 29 kila upande, kwenye 150 MHz linataka mita 50. Nyie mko chini mita moja na nusu, maana yake ardhi yote imeshaingia ndani ya nafasi hiyo na inakula mawimbi yenu. Ndo maana mkononi kwa mkononi kwenye uwanda wenye vichaka unaishia kilomita 3 mpaka 5, kwenye majengo yaliyobanana ni kilomita moja au mbili na wakati mwingine hata moja hufiki.

Mwenye swali aulize, mwenye uzoefu wake aweke.

kijana_wa_wati

Mkuu nimekuelewa ila mimi kuna redio nimeiona ni ya wati 8, nyingine za kawaida ni wati 5, si bora nichukue ya 8 nipate umbali zaidi? maana hapo umeongelea milima tu, na sisi tusio na milima je

mlingoti_mrefu

Hapa ndo watu wanapoliwa hela. Ngoja nikupe hesabu yake.

Kama mngekuwa angani, hamna ardhi hamna chochote, kuongeza umbali mara mbili kungetaka nguvu mara 4. Lakini mko chini, na ukiwa chini wimbi linalokwenda moja kwa moja linakutana na lile lililodunda ardhini, yanapunguzana, kwa hiyo nguvu inashuka kwa kasi zaidi. Kwa makadirio ya kawaida ya watu wa redio, karibu na ardhi umbali mara mbili unataka nguvu mara 16. Yaani kutoka wati 5 unatakiwa uwe na wati 80! Hamna redio ya mkononi ya hivyo, ingekuunguza kichwa.

Sasa rudisha hesabu kinyume. Wati 5 kwenda 8 inakupa kama asilimia 12 ya umbali. Kama ulikuwa unaishia kilomita 3 sasa utaishia 3.4. Ni kuvuka barabara tu hapo. Na betri inaisha haraka na redio inachemka.

Upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo ni mzuri zaidi. Ukishusha kutoka wati 5 hadi 1 watu wanaogopa wanadhani wamebaki na moja ya tano ya umbali, kumbe unabaki na theluthi mbili. Hata hizi za Ulaya za PMR446 ambazo kisheria ni nusu wati tu na antena haichomoki, ukilinganisha na ya wati 5 kwenye mazingira yale yale inafika zaidi kidogo ya nusu ya umbali. Nusu wati dhidi ya tano! Kwa hiyo kama mnasikizana vizuri weka LOW (nguvu ndogo), betri itakushukuru.

Af jambo lingine, wati za kwenye boksi nazo msiziamini sana. Baofeng UV-5R ambayo ndo imefanya hizi redio zienee toka 2012, wengi wanaiuza kama wati 5 wakati ni 4 hivi. BF-888S ya kampuni hiyo hiyo nayo imeandikwa 5, ukiiweka kwenye kipimo mara nyingi inatoa pungufu. Ila kwa hesabu niliyoonyesha hapo juu wala isikunyime usingizi, kati ya wati 4 na 5 hutasikia tofauti.

Kileleni

Napinga kidogo mtoa mada. Mimi nimeongea na jamaa yuko zaidi ya kilomita 40 kwa kiredio cha wati 5 na antena iliyokuja nayo, na sauti safi kabisa kama yuko chumba cha pili. Kwa hiyo hizo 3 mpaka 5 zenu mnawakatisha watu tamaa bure.

mlingoti_mrefu

Ulikuwa wapi mkuu?

Kileleni

Mlimani. Na yeye alikuwa kwenye mteremko wa mlima wa upande wa pili

mlingoti_mrefu

😂😂 Sasa hujapinga, umeniongezea ushahidi.

Nakuongezea na mwingine. Kituo cha anga za juu cha kimataifa, ISS, kinazunguka kama kilomita 400 juu, na mara kadhaa wanarusha sauti kwenye 145.800 MHz, mtu anasikia kwa kiredio hiki hiki kikiwa mkononi uwanjani. Na kuna satelaiti ya redio za ridhaa (za watu wanaofanya kwa kupenda, siyo biashara) inaitwa SO-50, ilirushwa 2002, yenyewe ni kama ripita (kituo kinachopokea sauti na kuirusha tena) iliyoko angani, watu wenye leseni wanaongea kupitia hiyo kwa redio ya wati 5 na antena ya kuelekeza waliyoishika kwa mkono. Mamia ya kilomita. Halafu redio hiyo hiyo haivuki ghorofa tatu za zege na nondo. Wati hazijabadilika hapo, kilichobadilika ni vya katikati.

bi_masafa

Jamani mmesahau antena na mmesahau mwili wa mtu.

Nianze na mwili. Nimesimamia vikundi vya ulinzi muda mrefu, na malalamiko ya redio mbovu nusu yake ni redio iliyoning'inia kiunoni. Mwili ni maji na chumvi, unameza mawimbi hasa ya UHF, redio ikikaa kiunoni na antena imelala kwenye mbavu basi upande wa pili wa mwili wako hamna kitu kinachotoka. Mtu akiitoa kiunoni akaishika usawa wa uso, antena imesimama, tayari ameongeza umbali kuliko zile wati 3 za kijana hapo juu. Wenye maiki ya kamba begani ndo hawajui kabisa, maana wanaongea wameinua maiki wakati redio yenyewe imebaki kiunoni.

Na msilaze redio. Kuna watu wanaongea wameishika kama biskuti wanayotaka kuing'ata, antena inaangalia pembeni. Antena ya mmoja imesimama ya mwingine imelala, mnapoteza sehemu kubwa sana ya mawimbi. Zote zisimame wima.

Ndani ya gari nayo ni shida, bodi ni chuma, mawimbi yanatokea madirishani tu. Kama mko kwenye msafara wa magari na mnataka kuongea kwa uhakika wekeni antena ya sumaku juu ya paa, bati la paa lenyewe linasaidia antena kufanya kazi.

Haya antena. Hicho kijiti cha mpira kinachokuja na redio ni maelewano, wametaka kitu kifupi kisichokuchoma macho. Robo ya wimbi kwenye 145 MHz ni sentimita 52, kwenye 446 MHz ni 17 tu. Kwa hiyo kijiti kifupi kwenye UHF kiko karibu na urefu wake wa haki, kinafanya kazi ya kuridhisha, lakini kwenye VHF ni waya umeviringishwa ukabanwa ndani, kinapoteza nguvu nyingi. Ukibadilisha ukaweka antena ndefu laini ya sentimita 40 hivi, VHF utaona tofauti ya kweli, UHF tofauti ndogo. Na inakusaidia kusikia pia siyo kuongea tu, hilo ndo jambo wati haziwezi kukufanyia. Ukiongeza wati wewe unasikika zaidi ila mwenzako bado humsikii.

Angalieni feki kwenye antena, zile zenye jina kubwa kama Nagoya zina nakala nyingi sana, baadhi ni mbaya kuliko kijiti cha awali. Na angalieni nati yake, hizi Baofeng zina SMA (aina ya kiungio cha antena) ya dume kwenye redio, kwa hiyo antena inatakiwa iwe jike, redio nyingine nyingi ni kinyume. Usilazimishe kukaza.

fundi_kimya

Nyongeza kwa bi masafa. Kuna kitu cha bure kabisa. Antena inahitaji upande wa pili wa kuegemea na kwenye redio ya mkononi upande huo ni bodi la redio pamoja na mkono wako, ni mdogo sana kwa VHF. Chukua waya laini wa kama sentimita 50, ufunge kwenye ile shingo ya nje ya chuma pale antena inapokaa, uache uning'inie chini kama mkia. Usiguse pini ya katikati. Kwa VHF unasaidia. Unaonekana kituko lakini unasaidia.

Na kwa anayetaka kutoa antena nje hadi juu ya paa, kebo isiwe ndefu bila sababu. Mita 10 za RG-58, kebo nyembamba, kwenye UHF zinakula karibu nusu ya nguvu yako. Bado utafaidi kwa sababu ya kimo, lakini ukitaka kwenda mita 20 au 30 tafuta kebo nene.

Kileleni

Hiyo ya mkia nimeijaribu inafanya kazi, ila kwenye vichaka inanasa kila mahali

mtaa_wa_sita

Naomba kuuliza, kati ya VHF na UHF ipi inafika mbali? kila mtu ana jibu lake

bi_masafa

Kila mtu ana jibu lake kwa sababu kila mtu anatumia sehemu tofauti.

Porini, mashambani, kwenye vilima vya miti, VHF ina nafuu. Wimbi lake ni mita 2 hivi, linazunguka vikwazo vidogo na majani hayalimezi sana. UHF wimbi lake ni sentimita 67, majani hasa yakiwa na maji ya mvua yanalila.

Ndani ya majengo ni kinyume. Zege lenye nondo linazuia zote mbili, lakini UHF inapenya kwenye matundu, dirisha, mlango, korido, ngazi, inadunda dunda mpaka inafika. VHF tundu la dirisha dogo inaliona kama ukuta. Ndo maana hoteli, maghala, maeneo ya ujenzi karibu wote wanatumia UHF. Na ile 888S ambayo imejaa kila mahali ni UHF tupu, 400 hadi 470, chaneli 16, ndo maana ndani ya jengo inaonekana shujaa na porini watu wanaitukana.

Kama huna uhakika chukua yenye bendi zote mbili kisha jaribu mwenyewe.

kijana_wa_wati

sawa nimeachana na wati 8 😅 sasa swali, mimi nina moja ya bendi mbili, nikiwa nyumbani inasikia vizuri, nikisogea eneo moja lenye minara mingi ya redio za FM na simu inakuwa kiziwi. Mwenzangu yupo mita 300 simpati. Nikaweka antena ndefu ikawa mbaya zaidi. Hii inawezekanaje antena nzuri ikaharibu

fundi_kimya

Inawezekana na ndo ugonjwa mkuu wa redio za bei ya chini.

Redio ghali ina vichujio mlangoni, inaruhusu masafa unayotaka tu. Hizi zetu karibu kila kitu kipo kwenye chipu moja, ukanda mpana umeachwa wazi, kwa hiyo mnara wa kilowati kadhaa ukiwa jirani unaingia wote na kuijaza ile sehemu ya kupokelea hadi haisikii sauti ndogo tena. Ni kama bawabu anayefungulia kila mtu geti, mgeni wako anakosa pa kupita. Ukiweka antena ndefu umemwongezea geti upana. Jaribu kinyume, ukifika eneo hilo weka kijiti kifupi kabisa, au sogea nyuma ya jengo ili jengo likukinge na mnara. Mara nyingi utampata mwenzako papo hapo.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema redio ya wati 5 ya bei kubwa inafika mbali kuliko ya wati 5 ya bei ndogo, kwenye uwanda mtupu msikilize kwa mashaka, hapo tofauti ni ndogo. Mjini kwenye kelele ana haki kabisa. Hela ya redio ghali inaonekana kwenye kusikia, kwenye maji na vumbi, na kwenye usafi wa kile inachorusha. Huo usafi nao ni kesi nyingine, maabara ya ARRL, chama cha redio za ridhaa cha Marekani, imepima hizi za bei ya chini na nyingi zimeonekana zinatoa mawimbi ya ziada kwenye masafa mengine kuliko inavyoruhusiwa. Unadhani unaongea 145 kumbe unasikika na 290.

mtaa_wa_sita

Duh

mlingoti_mrefu

Fundi umemaliza. Niongeze ya kwenye setting maana nimekutana na watu wanaua umbali wao wenyewe kwa menyu.

Ya kwanza ni skwelchi, ile inayonyamazisha shhhh. Ukiipandisha juu redio inafungua kwa mawimbi yenye nguvu tu, sauti dhaifu zote zinakatwa wewe unadhani mwenzako katoka nje ya umbali. Ishushe hadi ile ya chini ambayo bado haipigi kelele. Na mkiwa pembezoni kabisa, kwenye UV-5R bonyeza kile kitufe cha MONI chini ya kitufe cha kuongelea ukishikilie, skwelchi inafunguka yote, utamsikia mtu ndani ya shhhh anakutajia alipo. FM, ambayo ndo mfumo wa kubeba sauti wa viredio hivi, ina tabia hiyo, iko safi safi safi halafu ghafla inaporomoka, lakini ile sehemu ya kuporomoka bado kuna maneno unaweza kuyaokota.

Nyingine ni toni, zile CTCSS, mlio mdogo wa chini unaorushwa pamoja na sauti, kuanzia Hz 67.0 hadi 254.1. Wanaziita namba za siri kwenye maboksi, hakuna siri pale, mtu yeyote asiyeweka toni anawasikia vizuri tu. Kazi yake ni kufanya redio yako isifunguke kwa watu wengine waliopo chaneli hiyo hiyo. Na mawimbi yakiwa dhaifu sana redio inaweza kushindwa kuitambua toni ikabaki kimya wakati sauti ingesikika. Kwa dharura ondoa toni upande wa kupokea.

Na NARROW na WIDE, yaani upana wa chaneli, mwembamba au mpana! Moja ikiwa narrow nyingine wide, upande mmoja unasikia sauti ndogo kama anaongea kutoka ndani ya ndoo, upande wa pili sauti inakwaruza. Watu wanasema redio imeisha umbali, wakati redio imesetiwa tofauti tu. Zote ziwe sawa. Wide inasikika vizuri kidogo zaidi pale pembezoni ila sheria nyingi zinataka narrow kwenye chaneli za kazi, kwa hiyo fuata inavyotakiwa.

Kileleni

Na ule mlio wa mwisho wa kuongea, zimeni jamani. Mkiwa watu kumi kila mmoja anamaliza na tililiii hamna kinachosikika

mtaa_wa_sita

Na hizi za dijitali DMR zinafika mbali zaidi? muuzaji ameniambia mara mbili

bi_masafa

Hapana, siyo mara mbili. Mawimbi ni yale yale na vikwazo ni vile vile. Kinachobadilika ni kwamba dijitali inabaki safi hadi karibu na ukingo, pale ambapo analogi imeshaanza kukwaruza, kwa hiyo unahisi umefika mbali. Ikivuka ukingo haikupi onyo, inakatika vipande kama roboti halafu kimya. Analogi ingekupa nusu sentensi ndani ya kelele. Mimi kwa porini bado napenda analogi kwa sababu hiyo, kwa kazi za ndani ya majengo dijitali ni raha.

Na kuna zile zinazowekwa laini ya simu, zinaonekana kama wokitoki lakini zinapita kwenye mtandao wa simu. Hizo zinafika popote duniani penye mtandao, ndo zile utaona zimeandikwa kilomita 5000. Hazidanganyi, ila ni simu yenye kitufe. Mtandao ukianguka hata mita 10 hamfiki.

kijana_wa_wati

Kwa hiyo anayetaka kilomita 20 za uhakika kwenye tambarare afanyeje, aache tu?

mlingoti_mrefu

Haachi, anaweka ripita. Ripita inakaa juu, mnarani au kilimani, inapokea kwa masafa moja na kurusha hapo hapo kwa nyingine, kwenye VHF ya redio za ridhaa tofauti yake mara nyingi ni kHz 600. Wewe na mwenzako hamhitaji kuonana, kila mmoja anahitaji kuiona ripita tu. Zile redio za polisi na za wagonjwa ambazo mnashangaa zinavyofika mbali siri yao ni hiyo, siyo redio ya mkononi.

Ila ripita inataka kibali karibu kila nchi, na hata redio zenyewe. Zile za familia za Marekani, yaani FRS, na PMR446 za Ulaya hazihitaji leseni kwa sababu zimefungwa nguvu na antena, ukichukua UV-5R ukaiprogramu kwenye chaneli hizo hizo umeshatoka nje ya sheria hata kama hakuna aliyekuona. Ulizeni mamlaka ya mawasiliano ya mlipo kabla ya kubonyeza, maana mnaweza kuwa juu ya chaneli ya zimamoto bila kujua.

fundi_kimya

Na mkijaribu umbali wenu jaribuni kwa akili. Mmoja abaki sehemu moja mwingine atembee, anayetembea asitembee huku anaongea tu "unanisikia unanisikia", ataje jina la mahali alipo na ahesabu moja hadi tano, anayepokea aandike amesikia nini. Pakikata msiseme mwisho ni hapo. Sogea hatua moja au mbili pembeni, inua redio juu ya kichwa. Kwenye majengo mawimbi yanadunda na kukutana, kuna vidoa ambavyo hamna kitu na sentimita 20 pembeni kipo, kwenye UHF hasa. Fanyeni betri ikiwa imejaa na mrudie ikiwa imeshuka, kwa sababu hizi za bei chee nyingine nguvu inashuka na betri.

Na mfanye mchana wa kawaida. Kuna siku hewa ya joto inakaa juu ya hewa baridi hasa juu ya maji, mawimbi yananaswa katikati yanakwenda mamia ya kilomita, mtu anasikia watu asiowajua halafu kesho yake anatangaza redio yake inafika nchi jirani.

mtaa_wa_sita

Basi nisaidieni kabisa ninunue ipi. Matumizi ni jengo la ghorofa nne lina maegesho chini ya ardhi, na lingine kama mita 600 upande wa pili wa barabara, hamna kilima hamna nini. Watu wanne.

bi_masafa

UHF. Zile rahisi zisizo na kioo wala menyu, kwa watu wanaofanya kazi nyingine mkononi menyu ni adui, mtu atajikuta amehamisha masafa bila kujua. Jengo kwa jengo mita 600 utapata bila shida mkiwa upande wa madirisha. Tatizo lako litakuwa lile la chini ya ardhi. Pale redio yoyote ya mkononi itahangaika, hata ya bei ya juu, zege na udongo kila upande. Watu wengi wanatatua kwa mtu wa kati, aliyepo mlangoni pa kushukia anawasikia wote wawili na anapeleka ujumbe.

fundi_kimya

Nunua ya tano iwe ya akiba na betri za ziada. Na ziprogramu zote kwa kompyuta kwa faili moja, usiingize moja moja kwa mkono, ndo mwanzo wa ile narrow na wide.

mtaa_wa_sita

Sawa wakuu. Mtu wa kati ninaye, mlinzi wa getini, yeye anaongea hata bila redio na jengo la pili wanamsikia.

Kileleni

😂 Huyo mpandishe juu ya paa umemaliza, hununui kitu